Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko njiani, mwombe dereva aongeze sauti, maana jambo la leo linamhusu kila aliyezaliwa na mwanamke.

Leo nazungumzia damu inayomtoka mama mara tu anapomaliza kujifungua. Nitaeleza inavyoua. Nitaeleza pia jinsi watafiti, wakiwemo wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi, walivyoingia kwenye vyumba vya kujifungulia kutafuta namna ya kuizuia. Na nina neno moja ambalo nitalirudia mara kadhaa ili likae: damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe.

Tuanze na saa yenyewe. Mtoto ametoka, amelia, kitovu kimekatwa. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje ya leba wameshaanza kupigiana simu: kapata wa kike, kapata wa kiume. Mama mkwe anauliza chupa ya uji iko wapi. Zinamiminika pole na hongera. Kwetu sisi wa nje, mambo yamekwisha salama. Kwa mkunga aliyeko ndani, saa ya hatari ndiyo kwanza inaingia.

Kwa nini? Kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na linapobanduka linaacha mishipa ya damu iko wazi. Mimba inapokomaa, damu inayopita pale hufika nusu lita au zaidi kila dakika. Mwenyezi Mungu ameweka kinga yake: misuli ya mfuko hujikaza, ikaiminya mishipa ile mpaka ikafunga. Ndiyo maana utamwona mkunga akiweka kiganja karibu na kitovu cha mama na kubonyeza. Anatafuta kitu kigumu, cha duara. Akikigusa, roho yake inatulia. Akikuta pamelegea, panabonyea, hapo anajua kazi imeanza upya.

Zipo sababu nyingine za mama kutokwa na damu. Anaweza kuwa amechanika. Kipande cha kondo kinaweza kuwa kimebaki ndani. Damu yenyewe inaweza kugoma kuganda. Lakini inayoongoza ni hiyo ya mfuko kulegea. Na mama ambaye asubuhi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, mzima, akitaniana na wifi yake, anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wanawake milioni 14 hivi hupatwa na tatizo hili kila mwaka, na kwamba takriban 70,000 kati yao hufa. Walio wengi wako huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, na kule Asia ya Kusini.

Sasa msikilizaji utaniuliza, na ni haki yako kuuliza: kama chanzo kinajulikana, na dawa zipo, mbona bado wanakufa?

Ili nikujibu, twende pamoja kwenye chumba cha kujifungulia cha hospitali ya kawaida ya wilaya, usiku. Mama amelala kitandani juu ya mpira, na juu ya mpira zimetandikwa khanga zake mwenyewe, zile alizozikunja kwenye begi tangu mwezi wa nane. Damu inatoka. Nyingine inanyonywa na khanga. Nyingine inachuruzika ukingoni mwa kitanda hadi kwenye ndoo. Nyingine iko sakafuni, nyingine imeingia kwenye pamba. Humo humo yamechanganyika maji ya chupa iliyopasuka. Taa haiko vizuri. Sasa niambie, hapo imetoka damu kiasi gani?

Mkunga anatazama, anakadiria, anaandika kwenye faili: mililita 300. Na huenda ni 700. Khanga hazisemi zimebeba kiasi gani.

Ukienda kwa muuza mafuta ya kula sokoni, hata awe jirani yako wa miaka, hukubali akumiminie kwa macho. Unataka kipimo. Robo iwe robo na nusu iwe nusu, na ukiona kipimo kimebonyea pembeni unalalamika. Mafuta ya kukaangia vitumbua tunayapima. Damu ya mama tumekuwa tukiikisia.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Simlaumu mkunga. Mara nyingi yuko peke yake zamu nzima, ana huyu aliyejifungua, ana mwingine anayesukuma, na wa tatu anamwita kutoka kitanda cha mwisho. Na hata angekuwa na mama mmoja tu, macho ya binadamu hayakuumbwa kupima kitu kilicholowa kwenye kitambaa. Tena damu hii haitoki kwa kishindo kila mara. Mara nyingi inatoka kidogo kidogo, bila kukatika, na mwili wa mwanamke kijana unajikaza kuificha. Presha inabaki nzuri. Anaongea. Anauliza mtoto ana kilo ngapi. Halafu ghafla presha inaporomoka, mikono inakuwa ya baridi, na sasa kila mtu anakimbia. Tatizo si uzembe. Tatizo ni kuchelewa kujua.

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe. Nausimulia kwa kirefu kwa sababu ni wetu, na nasikitika kuona watu wetu wengi hawaujui.

Utafiti huo unaitwa E-MOTIVE. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, lakini haukufanyika Birmingham. Ulifanyika katika hospitali 80 za nchi nne: Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Miongoni mwa waliousimamia huku ni Daktari Fadhlun Alwy Al-beity wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanawake waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali hizo wakati wa utafiti walizidi 210,000. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Mei 2023. Ninaposema ni wetu, nina maana hiyo: vitanda ni vyetu, wakunga ni wetu, akina mama ni wetu.

Walifanya nini? Kwanza, walileta shuka la plastiki. Mtoto akishatoka, shuka hilo linatandikwa chini ya makalio ya mama. Upande wa miguuni linaning'inia, likiwa mfuko uliochongoka chini, na damu yote inashukia humo badala ya kwenda kwenye khanga na sakafuni. Mfuko unaonyesha ndani, na umepigwa mistari. Kuna mstari wa mililita 300 na mstari wa mililita 500. Mkunga haulizwi tena anaonaje. Anainama, anasoma damu imefika wapi. Basi.

Pili, walipanga saa. Katika saa ya kwanza baada ya kujifungua, kila robo saa mkunga anapita: anasoma mfuko, anaangalia damu inavyotoka, anabonyeza tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza. Presha na mapigo ya moyo navyo vinapimwa. Damu ikigonga 500, matibabu yanaanza palepale, hakuna kusubiri. Na ikiwa imefika 300 tu, lakini presha imeshuka au moyo unakwenda mbio, vilevile matibabu yanaanza.

Tatu, na hapa sikilizeni kwa makini, matibabu hayatolewi moja moja. Desturi ya zamani ilikuwa kujaribu jambo moja, kungoja, kuona, kisha kujaribu jingine. Mama anachomwa sindano, tunangoja. Haikukata? Tumwekee dripu, tunangoja. Kila kungoja huko kunalipwa kwa damu. Katika utaratibu huu mpya yote yanafanyika kwa mfululizo mmoja: tumbo linakandwa ili mfuko wa uzazi ukaze, inatolewa oksitosini ya kuukaza zaidi, inatolewa dawa ya kusaidia damu kuganda, mama anawekewa dripu, anachunguzwa kama amechanika au kuna kipande kimebaki, na kama damu bado haijakata anaitwa mkubwa wa kazi au anapewa rufaa.

Utauliza, wamejuaje kwamba utaratibu huu ndio uliosaidia, na si bahati tu, au kwamba hospitali hizo ni nzuri kuliko nyingine? Swali zuri sana, na ndilo linalotofautisha utafiti na maneno ya kijiweni. Kwa miezi saba ya mwanzo, hospitali zote ziliendelea na kazi kama kawaida huku takwimu zikikusanywa. Kisha zikapigiwa kura. Nusu zikapewa utaratibu mpya, nusu zikabaki na wa zamani, wala hakuna daktari aliyechagua aende upande gani. Na kuna jambo moja dogo ninalolipenda. Hata hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani zilipewa shuka la plastiki, lakini lisilo na mistari. Damu ilikusanywa, ikapimwa kwenye mizani baadaye kwa ajili ya hesabu za watafiti. Kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili haikuwa plastiki. Tofauti ilikuwa kujua palepale, na kuchukua hatua palepale.

Na matokeo? Nitawapa machache tu, msihangaike kuandika. Kule kwenye utaratibu wa zamani, kati ya kila wazazi 100 waliotokwa na damu kupita kiasi, waliotambuliwa walikuwa 51. Nusu, ndugu zangu. Nusu nyingine walikuwa wanatokwa na damu ya hatari na faili zao zinasema hali nzuri. Kwenye utaratibu mpya, waliotambuliwa walikuwa 93 kati ya 100. Na madhara makubwa, yaani mama kupoteza lita moja ya damu au zaidi, au kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufa kwa kutokwa na damu, yote hayo yakijumlishwa pamoja, yalipungua kwa asilimia 60.

Narudia, asilimia 60. Na katika yote niliyoyataja, hakuna dawa hata moja iliyogunduliwa kwa ajili ya utafiti huo. Oksitosini ilikuwepo. Dripu zilikuwepo. Mikono ya wakunga ya kukanda tumbo ilikuwepo tangu enzi za bibi zetu. Kilichoongezwa ni mistari kwenye plastiki, na uamuzi kwamba mstari ukifikiwa hakuna anayengoja. Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe.

Nimetaja dawa ya kusaidia damu kuganda. Inaitwa asidi ya traneksamiki, na historia yake inastahili kusimuliwa redioni, kwa sababu ilianza na mama mwenye mtoto mgongoni.

Mama huyo ni Utako Okamoto, daktari wa Japani aliyezaliwa mwaka 1918. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilikuwa imeharibika na fedha za utafiti hazikuwepo. Yeye na mumewe Shosuke waliamua kuchunguza damu kwa sababu rahisi kabisa: wakipungukiwa, wangeweza kutumia yao wenyewe. Shida iliyowasukuma ilikuwa ni hii hii, akina mama wanaokufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Alikuwa na binti mdogo na hapakuwa na wa kumwachia, basi alimfunga mgongoni akafanya kazi naye maabara. Mwaka 1962 yeye na mumewe wakaitangaza dawa hiyo.

Mngetarajia basi kwamba ilianza kutumika leba mara moja. Haikuwa hivyo. Okamoto aliwasihi madaktari wa uzazi wa mji wake wa Kobe waijaribu kwa wazazi, hawakukubali. Dawa ikaenda kutumika kwingine, kwa wagonjwa wa kung'olewa meno, kwa hedhi nzito, kwa upasuaji. Wale iliyokusudiwa wao wakawa wa mwisho kuipata. Mimi hili linaniuma. Miaka ya 1960 ikapita, ya 1970, ya 1980, ya 1990, na mama wa Kigoma, wa Kisumu, wa Gulu, anatokwa na damu ilhali dawa iko duniani na hakuna aliyejishughulisha kuuliza kama inamfaa.

Aliyekuja kuuliza ni timu ya chuo cha London kinachoshughulika na afya na magonjwa ya nchi za joto, katika utafiti ulioitwa WOMAN. Walishiriki wanawake 20,060 waliokuwa tayari wanatokwa na damu, katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Wote walipata matibabu ya kawaida kamili. Juu ya hayo, nusu wakapewa dawa hiyo, na nusu wakapewa kimiminika kinachofanana nayo kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata kipi. Majibu yalitoka mwaka 2017. Dawa inapunguza vifo vya kutokwa na damu, na kwa waliopewa ndani ya saa tatu tangu wajifungue, vifo hivyo vilipungua kwa karibu theluthi. Baadaye uchambuzi ukaonyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida ya dawa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mnaona sasa kwa nini kukisia ni hatari? Ukichelewa kujua, hata dawa nzuri inaishiwa nguvu mkononi mwako. Mama Okamoto alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla ya majibu hayo.

Lakini utafiti wa kweli hauji kila mara na jibu tunalolipenda, na ni lazima niwaambie hilo pia. Watu walijiuliza: kama dawa hii inatibu, kwa nini isitolewe mapema kuzuia damu isitoke kabisa, hasa kwa wajawazito wenye upungufu wa damu? Ukafanyika utafiti mwingine, WOMAN-2, katika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu mkubwa au wa wastani wa damu. Jibu likawa hapana. Kuitoa mapema hakukuzuia kutokwa na damu kupita kiasi. Hapana hiyo nayo ni zawadi. Bila hiyo tungekuwa leo tunawachoma sindano akina mama wote kwa matumaini tu.

Na utafiti huo uliacha funzo jingine zito. Kadiri upungufu wa damu ulivyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ya kufa ilivyopanda damu ilipotoka. Maana yake mililita 500 za mama mwenye damu ya kutosha si sawa na mililita 500 za mama ambaye kadi yake ya kliniki imeandikwa damu kidogo tangu mwezi wa tano. Huyo wa pili anaweza kuzidiwa mapema zaidi. Mwezi wa Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa wanawake na ya wakunga, walitoa mwongozo mpya unaotaka hatua zichukuliwe kuanzia mililita 300 kama presha au mapigo ya moyo yameshabadilika. Utaratibu uliojaribiwa Kenya na Tanzania sasa umo ndani ya mwongozo wa dunia nzima.

Sasa najua kuna anayenisikiliza akiwa na dukuduku, na anaogopa kulisema. Hawa watu wanaokusanya damu ya mzazi kwenye mfuko, wanaipeleka wapi? Sisi tuliokulia pwani tulikatazwa kutoka jioni kwa habari za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao kutengeneza dawa. Hofu hiyo haijafutika yote, na mtu wa afya anayeicheka anakosea. Ijibiwe kwa upole. Damu ya kwenye mfuko inasomwa, ikibidi inapimwa uzito, kisha inatupwa pamoja na taka nyingine za leba kwa utaratibu wa hospitali. Haiuzwi wala haihifadhiwi. Muulize mkunga akuonyeshe shuka lenyewe siku utakapokwenda kliniki, kabla uchungu haujaanza, siku ambayo una nafasi ya kuuliza na yeye ana nafasi ya kujibu.

Na dukuduku la pili ni hili la kufanyiwa majaribio. Mjamzito akiombwa kushiriki utafiti, afanye nini? Aulize. Utafiti huu unatafuta nini? Nikikubali nitafanyiwa nini zaidi ya matibabu ya kawaida? Nikikataa, nitahudumiwa sawa na wengine? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Naweza kujitoa katikati? Nalo lazima liwe ndiyo. Nani wa kumpigia nikiwa na malalamiko? Karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, na kama hujui kusoma usomewe mbele ya shahidi. Yapo mazingira magumu, kama ya mama aliyezimia anayetokwa na damu, ambapo ndugu yake ndiye anayeulizwa, au ridhaa yake mwenyewe inaombwa baadaye akizinduka. Hayo nayo hupitishwa kwanza na kamati ya maadili, wala mtafiti hawezi kujiamulia.

Watu wengi wanadhani usalama wa mjamzito ni kumweka mbali kabisa na tafiti. Wanakumbuka dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia Ujerumani mwaka 1957, wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na ulemavu kabla haijaondolewa sokoni mwaka 1961 na kuendelea. Msiba mkubwa. Lakini tazameni msiba huo ulivyotokea: dawa haikuchunguzwa ipasavyo kabla ya kugawiwa wajawazito. Dunia ikajifunza kinyume. Ikawafungia wajawazito nje ya tafiti, na tangu hapo mama akiugua malaria, kifua kikuu au kisukari akiwa na mimba, daktari wake mara nyingi anampa dawa ambayo haijapimwa vya kutosha kwa mjamzito. Huko nako ni kukisia. Ni kukisia kwenye chupa ya dawa badala ya kwenye khanga.

Nisogee kwenye la kufanya, maana muda haungoji.

Kwa mjamzito anayenisikiliza: kliniki wakikupima wingi wa damu, ulizia namba yako na uikumbuke. Vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa, vimeze. Najua vinaleta kichefuchefu na choo kuwa cheusi, na najua wengi vinabaki kabatini. Vikikusumbua rudi uwaambie, usiviache kimyakimya. Na ukishajifungua, hata ukiwa umesharudi nyumbani, pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje asubuhi wala usingoje mume arudi kutoka kazini. Hospitali.

Kwa baba, kwa mama mkwe, kwa wifi aliyekaa kwenye benchi: mmezoea kuuliza mtoto wa jinsia gani. Ongezeni swali moja. Muulizeni mkunga kwa heshima, mama ametoka damu kiasi gani? Akiwajibu kwa namba aliyoisoma, shukuruni. Akiwajibu kwamba ni ya kawaida tu, mwombeni amtazame tena. Mkunga mwema hatachukia.

Na kwa wenye mamlaka, kuanzia kamati ya afya ya hospitali hadi bungeni, nasema bila kuzunguka. Utafiti umekamilika katika ardhi yetu, kwa jasho la watumishi wetu, na akina mama zetu wametoa mchango wao. Shuka lenye mistari liwe kwenye orodha ya vifaa vya kila leba, linunuliwe kama glovu zinavyonunuliwa, lisingoje mradi wa mfadhili. Sioni sababu ya mama wa nchi nyingine kufaidika na ushahidi uliopatikana Tanzania na Kenya huku mama wa hapa hapa, mwaka huu, akiendelea kujifungulia juu ya khanga na makisio. Na wakunga waongezwe, kwa sababu mstari usio na mtu wa kuusoma hausaidii kitu.

Kuna swali moja limebaki, nalo ni la zahanati. Dawa ya Mama Okamoto hutolewa kupitia mshipa, na kwenye zahanati ya mbali, mama ameishiwa damu na mishipa imesinyaa, kuupata mshipa huo si kazi rahisi. Je, haiwezi kuchomwa kwenye msuli, kama sindano ya kawaida? Watafiti wameshapima wakaona kwamba ikichomwa hivyo inafika kwenye damu kwa dakika chache. Kama ikichomwa hivyo inazuia damu kutoka kupita kiasi kwa wazazi walio katika hatari zaidi, hilo ni swali la utafiti mwingine uitwao I'M WOMAN, na Tanzania imo pia katika utafiti huo. Majibu yake tutayazungumza hapa hapa.

Wiki ijayo tutakuwa na mazungumzo kuhusu kifafa cha mimba, na nitapokea maswali yenu kama kawaida. Na wote mlioko zamu usiku huu kwenye wodi za wazazi, kazi njema.